Habari Imetumwa, Nani Ameipokea?

Wema, 14 Januari 2025

Kaka Mansur,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Shemeji yako Komora anakusalimu, mgongo wake umepoa na mpunga wa chini ameshaupanda. Muna anaota meno na hanipi usingizi, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue nakuandikia huku nanyonyesha. Kassim anauliza kama Nairobi kuna viboko. Nimemwambia wapo, wanavaa tai.

Sanduku lako la redio limefika salama. Lavender, yule dada wa vifurushi pale stendi ya Garsen, alilikalia mwenyewe mpaka Komora alipokwenda kulichukua. Tumelifunga ukutani na paneli ya jua juu ya bati kama ulivyochora. La pili liko ng'ambo ya mto, mashambani kwa mavyaa, mama yake Komora, Bi Safiya. La tatu kapewa Barwako, kwenye boma la mzee Galma, kwa wafugaji. Mkutano wa amani uliamua masanduku yashikwe na wanawake, kwetu na kwao. Mzee mmoja akasema mwanamke mwenye mtoto mgongoni hawezi kutoroka nalo mbali. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana yale mapanga ya mwaka juzi yaliwakuta wanawake wenye watoto migongoni.

Kazi yake nimeielewa. Nikiona watu wa shari wanakuja, nachagua sanduku ninalolitaka, nabonyeza kitufe chekundu, wenzangu wakimbie mapema, maana huku simu hazishiki mtandao. Nimejaribu mara nne. Kila mara kioo kinaandika HABARI IMETUMWA kabla sijaondoa kidole. Mbona upesi hivyo? Huku nikimtuma mtu ng'ambo, mpaka arudi ndio najua amefika.

Nieleze. Niliishia kidato cha nne lakini nikielezwa kitu nakishika.

Mdogo wako,
Esha


Nairobi, 2 Februari 2025

Dadangu Esha,

Wa aleikum salaam. Mimi mzima, baridi tu na ugali wa kununua. Mwambie Kassim hao viboko wa tai nimewaona, mmoja ndiye bosi wangu. Mpake Muna asali kidogo kwenye ufizi. Au usimpake, wewe ndiye mama.

Umeuliza swali ambalo huku tumelipigania mwezi mzima. Ndani ya sanduku kuna programu ya chini kabisa, tunaiita kiini. Kiini peke yake ndicho chenye ruhusa ya kugusa redio, betri na kumbukumbu. Programu ya kitufe chako inakaa juu yake na haina ruhusa ya kugusa chochote. Ikitaka redio, ipige hodi kwa kiini kwa maneno maalumu. Hodi hizo tunaziita miito, na kuzibuni ndiyo kazi yangu. Ukiita *fungua*, kiini kinakupa soketi, yaani mlango wako mwenyewe wa kupitishia maneno. Ukiita *tuma*, unakikabidhi maneno. Ukiita *pokea*, unayasubiri mlangoni. Ukimaliza unaita *funga*.

Inaonekana rahisi, lakini inatisha. Programu mbovu nitairekebisha kesho. Mwito ukishatoka, kila mtu anajenga juu yake, na ukiubadilisha vyote vinaanguka. Kwa hiyo tuligombana: *tuma* ingoje, au irudi papo hapo? Nilisema irudi papo hapo. Mtu mwenye hofu hataki kioo kilichoganda. Nikashinda.

Kuhusu neno lenyewe, IMETUMWA maana yake imetumwa. Usijichoshe nalo.

Msalimie shemeji.

Kaka yako,
Mansur


Wema, 3 Machi 2025

Kaka Mansur,

Assalaam aleikum. Watoto wazima. Mimi nasimama.

Mavyaa ameuawa. Alhamisi, saa moja asubuhi, nilikuwa nachota maji. Niliwaona juu kule wakivuka mto, kama ishirini, nyuso wamezifunga vitambaa, mapanga mikononi. Wametoka wapi, mpaka leo hakuna ajuaye. Nilikimbia nikaacha ndoo. Nikachagua sanduku la mavyaa, nikabonyeza. HABARI IMETUMWA. Nikabonyeza tena. HABARI IMETUMWA. Nikasema alhamdulillahi, watakuwa wameshaingia kwenye migomba.

Baada ya nusu saa tukaona moshi.

Tulipovuka tulimkuta mlangoni. Alikuwa amejikinga kichwa kwa mikono yote miwili, kwa hiyo mikono ndiyo waliyoanza nayo. Vidole vyake vitatu niliviokota mimi kwenye majivu ya jiko, nikavifunga kwenye kitambaa ili azikwe navyo. Jirani yake mmoja na binti wa jirani huyo walichomwa ndani, mlango umefungwa kwa nje. Mbuzi waliwakata miguu wakawaacha wanalia. Hakuna walichoiba. Walikuja kuua tu.

Sanduku lake liko ukutani, halina hata mkwaruzo. Waya wa redio juu ya paa ulikuwa umekatwa, Komora anasema ni tumbili, una alama za meno, tena za siku nyingi. Kwenye kioo chake hakuna neno lolote. Kwenye kioo changu imeandikwa IMETUMWA mpaka sasa hivi ninapoandika.

Nimemwosha mimi. Komora hasemi. Ndugu yake, Kotile, naye hanyamazi.

Niambie habari yangu ilikwenda wapi.

Esha


Wema, 21 Aprili 2025

Kaka Mansur,

Salaam. Watoto wazima. Mvua imeanza.

Wiki saba. Lavender anasema barua yangu uliipokea, aliyekukabidhi alimtajia hata shati ulilovaa. Kwa hiyo usije ukaniambia imepotea.

Shemeji Kotile ameshaamua ni watu wa mzee Galma. Nimemuuliza, "Uliwaona nyuso?" Akaniambia, "Shemeji, wewe kaa na sanduku lako linalosema uongo." Juzi vijana wake walimkuta mchungaji mmoja wa kule kwenye kivuko, kijana wa watu, amekuja kununua sukari. Walimpiga marungu mpaka jicho likatoka, wakamwacha kwenye matope. Ameishi, Mungu ndiye ajuaye kwa nini.

Sikuulizi ili nikulaumu. Mvua ikikatika, ng'ombe watashuka mtoni, na Kotile anaingoja siku hiyo. Nataka kujua kama kitu nilichofunga ukutani ni kitu au ni pambo.

Andika.

Esha


Nairobi, 12 Mei 2025

Dadangu,

Assalaam aleikum. Nimeandika barua tano nikazichana. Pole ya Bi Safiya sijui niiweke wapi. Alinipa maziwa ya mgando siku ya harusi yako akaniita mkwe mwembamba.

Habari yako haikutoka nyumbani kwako.

Ulipobonyeza, programu iliita *tuma*. Kiini kilichukua maneno yako, kikayaweka tumboni mwake kwenye foleni ya redio, na papo hapo kikarudisha jibu kwamba kimeyachukua. Programu ikasoma jibu hilo ikaandika IMETUMWA. Baadaye redio ikaita sanduku la Bi Safiya, halikuitika kwa sababu ya waya, ikaita tena, ikaita mara thelathini, kisha kiini kikayatupa maneno yako kimyakimya. Hakuna wa kuambiwa, maana mwito wenyewe ulikuwa umesharudi zamani.

Nilikuwa nikijua. Hilo ndilo lililonifunga mkono. Mwenzangu Margaret aliandika kwenye karatasi ya muundo: "Jibu hili litasomwa na mtu kama limefika." Nikamjibu kwamba watumiaji wataelekezwa. Na wewe uliponiuliza, badala ya kukueleza, nikakwambia usijichoshe.

Ninaubadilisha. *Tuma* mpya haitarudi mpaka sanduku la pili lijibu kwamba limepokea. Likikaa kimya, kioo kitasema habari haikufika. Programu zote zitaanguka na tutaziandika upya.

Nilitaka kuja matanga. Nilifika mpaka kwa wakata tiketi nikageuka.

Mansur


Wema, 8 Juni 2025

Kaka Mansur,

Wa aleikum salaam. Muna ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Kassim ana upele, nampaka mwarobaini.

Asante kwa kusema. Nilisoma mara tatu, ya tatu ndiyo nililia. Sasa nisikilize.

Hiyo dawa yako haitoshi. Wewe umekulia hapa hapa, umesahau? Mtu akipeleka habari ya msiba ng'ambo, anasimama nje ya nyumba hadi mwenye nyumba mwenyewe atoke amjibu kwa mdomo wake. Mtoto akiitikia ndani kwamba "tumesikia", haihesabiwi. Mpeleka habari akirudi na jibu la mtoto anarudishwa, hata kama jua linachoma, hata kama mto umejaa. Babu alimrudisha baba mara mbili siku moja. Kwa nini? Kwa sababu mtoto anaitikia halafu anarudi kucheza. Sanduku lako likijibu "nimepokea" na Barwako yuko malishoni, ni mtoto ameitikia. Ukutani pale kutakuwa na jibu, na watu watakatwa vilevile. Mimi nataka mwenye nyumba.

La pili. Kotile anakutafuta. Amesikia kwamba redio za masanduku yote zinapita hewa moja, anataka umfungulie mlango wa kusikia maneno ya Barwako, ajue boma linalala wapi. Atakulilia. Atakutajia vidole vya mama yake, atakuambia wewe ndiye una deni la damu. Ukimfungulia mlango huo, Mansur, usije kwangu tena. Nakupenda, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwenye gazeti la kufungia nyama. Lakini usije.

La tatu sijamwambia mtu. Asubuhi ile Komora alishika kafi. Alikuwa ameshaukokota mtumbwi hadi majini, amwendee mama yake. Angefika, maji yalikuwa madogo. Mimi nilimshika shati. Nikamwambia, "Weka kafi chini, habari imeshatumwa, utakutana nao katikati wakuue bure." Akanisikiliza, akaweka. Tukakaa tumeshikana mikono mpaka moshi.

Hajanitupia neno hata moja. Afadhali angenipiga.

Esha


Nairobi, 19 Julai 2025

Dadangu Esha,

Assalaam aleikum. Natumai upele wa Kassim umepona. Huku nimehama chumba, sasa nina dirisha.

Kofi la kwanza la barua yako lilikuwa hilo la babu. Nimeibandika sentensi yako ukutani kazini: *mtoto akiitikia haihesabiwi*. Margaret aliisoma, akasema angekuajiri wewe akanifukuza mimi.

Ndani ya kifurushi kuna kadi mbili zenye kiini kipya, moja yako na moja ya Barwako. Zima, toa ya zamani, weka mpya, washa. *Tuma* sasa inadai vitu viwili: maneno, na muda uliokubali kungoja. Nimeweka dakika kumi. Ikirudi inasema moja ya haya manne: HAIJATOKA. IMETOKA. IMEFIKA SANDUKUNI. MTU AMEJIBU. Kiini hakiwezi kulisema hilo la mwisho chenyewe. Linatokana na kidole cha mtu upande wa pili, na nimehakikisha hakuna mwito wowote unaoweza kuliiga. Neno IMETUMWA nimelifuta kila mahali. Wenzangu wanalalamika kwamba kioo kitaonekana kimeganda. Kigande.

Kotile alipiga simu kutoka Garsen kabla ya barua yako kufika. Alilia kama ulivyosema. Mlango anaoutaka upo, Esha. Kila kiini kina namna ya kufungua soketi inayosikia kila kitu kinachopita hewani, mafundi huitumia kutafuta hitilafu. Nilikaa nao siku tatu. Nilimwandikia hata hatua za kufuata. Sikuzituma. Kisha nikaung'oa mwito huo kabisa, sasa hata mimi siwezi kuufungua. Nimemwambia hapana. Akaniambia ataninywa damu, kisha akakata.

Kuhusu Komora na kafi sina haki ya kukwambia lolote. Ila shati ulilolishika lilishikwa na mkono wangu pia.

Mansur


Garsen, 2 Septemba 2025

Kaka Mansur,

Wa aleikum salaam. Usishtuke kwa jina la mji hapo juu. Watoto wazima, wanalala hapa hapa kwenye chumba cha nyuma cha Lavender, katikati ya magunia. Muna ametembea hatua nne. Soma mpaka mwisho kabla hujalia.

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti, baada ya swala ya alasiri, Kotile alitoka na vijana kama arobaini. Walipita mbele ya mlango wangu hawajajificha. Mapanga, mikuki, galoni mbili za petroli. Mmoja akaniita, "Mama Kassim, tunakwenda kumsalimia rafiki yako Barwako!" Wengine wakacheka.

Nilingoja wapite, nikaingia ndani. Nilibonyeza sanduku la Barwako. Kioo kikaganda. Nikahesabu dakika kumi nikimtazama Muna anakula udongo, sikuwa hata na nguvu ya kumzuia. Kisha kikaandika: IMEFIKA SANDUKUNI. Hakuna mtu aliyejibu.

Nakwambia ukweli, kwa dakika moja nilifurahi. Nilitaka iwe imetosha. Mimi nimechoka, Mansur. Vijana wale ni wetu, marehemu ni wetu, na mashine imesema imefika. Nani angenilaumu? Halafu Komora akatokea nyuma yangu. Akasoma kioo. Nilijua ndiyo saa ya kumwambia, nikamwambia, "Barwako hayupo nyumbani, hajui kitu. Na asubuhi ile ulikuwa unawahi, mimi ndiye niliyekuzuia."

Akasema, "Najua. Nilikuwepo. Mfunge mtoto mgongoni."

Kassim tulimwacha kwa jirani. Kotile alipita njia ya barabarani, ndefu, sisi tukashuka na mto kisha tukakata mbuga mbio. Barwako alikuwa malishoni na ndama, sanduku linawaka peke yake ndani ya nyumba tupu. Aliponiona na mtoto mgongoni, nahema, hakuuliza. Alipiga ukelele mmoja tu, na boma zima likaanza kutoka. Sitini na wawili, tuliwahesabu baadaye. Wagonjwa kwenye mkokoteni wa punda. Mzee Galma miguu haimchukui, Komora akambeba mgongoni.

Kotile na vijana wake walitukuta hatujafika vichakani. Nyumba walishazitia moto nyuma yetu, ndama waliochelewa wakawapasua matumbo. Mama mmoja wa boma lile alirudi kuchukua mtungi wa maziwa, wakamkata shingo palepale, na mtungi ukavunjika chini yake. Kotile alikuja mbio mbele ya wote. Alimlenga mzee Galma kichwani. Komora hakuweza kukimbia na mzee mgongoni, akainua mkono.

Panga la ndugu yake lilipita mfupa.

Kotile alisimama akiutazama ule mkono unaning'inia kwa ngozi. Akasema, "Komora? Ni wewe?" kama mtu aliyeamshwa. Kisha akatupa panga akakaa chini, akapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Wale wengine hawakujua tena wafanye nini. Walitupita, wakarudi kwao mmoja mmoja. Nilimfunga Komora kwa kanga ya kumbebea Muna, Barwako akawa ameshika mtoto wangu huku kwao kunawaka.

Hospitalini wameukata chini ya kiwiko. Ameishi.

Jumanne iliyofuata kukawa na mkutano Wema. Mwenyekiti akauliza, "Nani aliwaambia watu wa Galma?" Watu wote wakatazama chini, maana walijua. Nikasimama nikasema, "Ni mimi." Mama mmoja akanipigia kelele, "Kaa chini, huna haya! Damu ya mavyaa wako haijakauka!" Nikamwambia, "Ndiyo, haijakauka. Mimi ndiye niliyeiosha, wewe ulikuja kula wali." Wakanipa mpaka magharibi niondoke. Mawe yalianza kabla ya magharibi. Moja lilimpata Kassim mgongoni, ana alama lakini anacheza.

Sanduku nimelibeba. Barwako anakaa na watu wake karibu na daraja, na lake liko naye. Asubuhi namtumia neno na ananijibu kwa kidole chake, hata kama ni "nimeamka" tu.

Sasa wewe. Unaandika utakuja, unafika kwa wakata tiketi, unageuka. Safari hii panda. Komora anatoka wodini Jumatatu. Ya kwangu nimeshamwambia. Ile ya kwako, ya karatasi ya Margaret na kwamba ulikuwa ukijua, sijamgusia wala sitamgusia. Ataisikia kwa mdomo wako, umekaa upande wake wa kulia, ule uliokatwa. Akikasirika, mwache akasirike. Akikufukuza, kaa nje mpaka akuite.

Nitakupikia. Njoo na viatu vya Kassim, namba kumi.

Mdogo wako,
Esha